Barua ya wazi kwa Tume ya Ushindani: mruhusuni mfanyabiashara kumtaja mshindani wake, kisha mdaini ushahidi

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani (FCC)
Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)

YAH: MATANGAZO YANAYOWASEMA WASHINDANI BILA KUWATAJA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mkamuaji mdogo wa alizeti mkoani Singida. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatendeka hadharani: redioni, kwenye mabango ya barabarani, kwenye lebo za madumu na kwenye simu za wateja wetu.

Naomba nianze na lebo. Ingia duka lolote la jumla, tazama rafu ya mafuta ya kula. Madumu mengi yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mafuta hayo hayana lehemu (kolesteroli). Ni kweli hayana. Ni kweli pia kwa alizeti, ufuta, karanga, mbegu za pamba, soya na mawese, kwa kuwa lehemu hutokana na wanyama, na mafuta ya mimea hayana kiasi cha kuhangaikia. Sasa mteja akisimama mbele ya madumu mawili, moja limeandikwa hivyo na jingine halikuandikwa, ataelewa nini? Ataelewa kwamba lile lisiloandikwa linayo. Hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja, na bado ameondoka dukani na jambo la uongo kichwani kuhusu bidhaa ya mtu mwingine.

Wataalamu wa chakula waliliona hili zamani. Miongozo ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu madai kwenye vyakula, ambayo asili yake ni mwaka 1979, inaruhusu kusema chakula hakina kitu fulani pale tu ambapo mlaji angetarajia kukikuta kitu hicho ndani yake. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya mwaka 2011 kuhusu taarifa za vyakula, unakataza kuitangaza sifa kana kwamba ni ya pekee wakati vyakula vyote vya aina hiyo vinayo. Tanzania ni mwanachama wa Codex, na TBS ndiyo inayotuunganisha nayo. Kwa hiyo sidai jambo geni.

Lebo, hata hivyo, ina upole wake. Redio haina.

Kuna tangazo lililorushwa sana la kampuni ambayo sitaitaja. Mama anamuuliza jirani yake mbona mboga ina harufu. Jirani anajibu kwa aibu kwamba katumia mafuta ya mashineni, yaani yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo kama zetu. Kisha inaingia sauti nzito ya mwanamume, inasema familia yako inastahili mafuta salama, halafu linatajwa jina la bidhaa. Basi. Hakuna kiwanda kilichotajwa, hakuna kipimo cha maabara kilichosomwa. Lakini kila mkamuaji wa Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni alijua kuwa anayesemwa ni yeye. Akina mama wanaopanga chupa za alizeti kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Singida walijua. Wenye maduka wanaochukua mzigo kwetu walijua pia, na mmoja wao aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee, wateja wanauliza kama haya ni yale ya redioni."

Ningelalamika wapi? Nikiiandikia kampuni, itanijibu kwamba haikunitaja. Jibu hilo litakuwa sahihi, na ujanja wote umejificha hapo. Anayesemwa hana pa kusimamia kwa sababu jina lake halimo. Anayesema hana la kuthibitisha kwa sababu hakumsema mtu. Mlaji, ambaye ndiye mliyewekwa kumlinda, anabaki na hofu isiyo na kipimo, wala hawezi kuichunguza maana hajui ni mafuta ya nani hasa yenye kasoro, wala ni kasoro gani.

Sisi tuliokulia kwenye mipasho ya taarabu na maneno ya kanga tunaijua sanaa ya kusema bila kutaja, na tunaipenda. Ukumbini mpasho ni burudani kwa sababu wanaosikiliza wanawajua wanaosemana, na aliyerushiwa kijembe atajibu kwa wimbo unaofuata. Msikilizaji wa redio aliyeko Mbagala hamjui mkamuaji wa Ikungi. Na mkamuaji wa Ikungi hana fedha ya kununua wimbo unaofuata.

Ombi langu, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, huenda likakushangaza likitoka kwa mtu mdogo. Siombi mkataze kulinganisha. Naomba mruhusu waziwazi, kwa maandishi, mfanyabiashara amtaje mshindani wake kwa jina katika tangazo, kwa sharti kwamba anachokisema kinapimika na kipimo kipo mkononi kabla tangazo halijaruka. Naomba vilevile sharti hilohilo limbane anayemsema mshindani kwa mafumbo. Ukisema "mafuta ya mashineni yana madhara", uwe na sampuli za mafuta ya mashineni, useme zilichukuliwa wapi na lini, zikapimwa na maabara gani, zikaonekana na nini.

Wamarekani walipita njia hii. Hadi miaka ya 1960 televisheni zao kubwa hazikupokea tangazo linalotaja bidhaa ya mshindani. Kilichozaliwa na katazo hilo kilikuwa "Brand X", pakiti isiyo na jina iliyowekwa pembeni ya bidhaa inayosifiwa, ikashindwa kila siku. Kituo cha NBC kilianza kukubali majina mwaka 1964, na wenzake wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kusukumwa na FTC, tume yao ya biashara. Agosti 1979 tume hiyo ikatoa tamko la sera: kulinganisha kwa kutaja jina kunahimizwa, mradi iwe kweli na iwe wazi, kwa sababu kunampa mlaji taarifa, kunawasukuma watengenezaji waboreshe bidhaa na kunaweza kushusha bei. Ukitazama matangazo yetu ya sabuni ya unga utaona kwamba Brand X alihamia huku. Shati jeupe linafuliwa kwa "sabuni ya kawaida" linatoka na madoa, jingine linafuliwa kwa sabuni inayotangazwa linang'aa. Sabuni ya kawaida ni ya nani? Inauzwa duka gani?

Ulaya nao walichelewa. Nchini Ujerumani, kwa miongo mingi, mahakama zilihesabu kumtaja mshindani kwenye tangazo kuwa ni ushindani mchafu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1997, ambalo sasa limeunganishwa katika agizo la mwaka 2006, lilifungua mlango na kuweka masharti: linganisha bidhaa zinazokidhi haja moja, linganisha sifa zenye uzito na zinazoweza kuthibitishwa, ikiwemo bei, usimpotoshe mlaji, usimchafue mwenzako. Ninachokithamini zaidi katika agizo hilo ni kwamba linamhesabu kuwa analinganisha hata yule anayemdokeza mshindani bila kumtaja. Asiyetaja jina hapati kinga.

Kipengele hicho kilijaribiwa katika kesi ambayo mimi naisoma kana kwamba ni yetu. Kampuni ya bia ya De Landtsheer ya Ubelgiji iliitangaza bia yake kwa kutumia maneno yaliyoifananisha na mvinyo wa Champagne. Watengenezaji wa Champagne wakashtaki kupitia umoja wao. Hakuna mtengenezaji mmoja aliyetajwa. Ilitajwa aina ya kinywaji. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kwamba kutaja aina ya bidhaa tu kunaweza kutosha kuwa ni kulinganisha, ikiwa watu wanaweza kuwatambua wanaokusudiwa, na haijalishi kama wanaotambulika ni wengi. Sasa weka "mafuta ya mashineni" mahali pa Champagne. Wanaokusudiwa wanatambulika. Ni sisi.

Nisieleweke kwamba natetea upande wangu peke yake. Wakamuaji wenzangu nao wanayo yao. Nimeona lebo za alizeti zinazosema ni mafuta "asilia, yasiyo na kemikali kama ya kutoka nje". Kemikali zipi? Anayeandika hivyo anawapaka tope watu wote wanaoagiza mawese ghafi na kuyasafisha hapa nchini, wakiwemo wanaofuata kila kiwango cha TBS. Kule Ubelgiji, kampuni ya Delhaize iliisifia chokoleti yake ya kupaka mkate isiyo na mawese kwamba ni bora kwa afya na kwa mazingira. Ferrero, watengenezaji wa Nutella, wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikaamuru matangazo hayo yakome. Sisi wenye alizeti inatupasa kuijua hukumu hiyo kabla hatujachapisha lebo nyingine.

Na hapa ndipo ninapoona faida ya kusema kwa jina na kwa kipimo. Ipo tofauti ya kweli kati ya alizeti na mawese, wala haihusu lehemu. Takriban nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, yale ambayo wataalamu wa lishe wanatushauri tuyapunguze, yanayoyafanya yagande wakati wa baridi; kwenye alizeti ya kawaida kiasi hicho ni kama sehemu moja kwa kumi. Hilo linapimwa maabara na kusomwa na yeyote. Ningependa kuliandika kwenye dumu langu nikitaja mafuta ninayoyalinganisha na yangu. Siandiki, maana naogopa barua ya wakili. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa, na ni sawa kabisa. Kinachokosekana kwa mtu kama mimi ni maelezo anayoweza kuyasoma akaelewa: jina la mshindani naweza kuliandika au siwezi? Kipimo cha nani kinakubalika? Nikishtakiwa, naonyesha nini? Kampuni kubwa ina mwanasheria wa kuyauliza hayo. Mkamuaji anakaa kimya, na ukimya wake unamnufaisha anayejua kuteta.

Ukweli huohuo unaweza kutuumiza, na nakubali utuumize. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Wakamuaji wadogo wengi hawana mtambo wa kuchanganyia. Kampuni kubwa ikisema kwa jina kwamba mafuta yake yana vitamini A na ya kiwanda fulani hayana, ikaleta kipimo, kiwanda hicho hakina la kujibu ila kuchanganya. Vivyo hivyo kwa mafuta yasiyochujwa vizuri, yanayoacha masimbi chini ya dumu. Mteja atakuwa amejua jambo, na aliyesemwa atakuwa ameambiwa kosa lake ni lipi. Tangazo la harufu ya mboga halikutuambia hata hilo.

Najua yatakayosemwa dhidi ya ombi hili. Watasema kutajana majina kutaleta ugomvi, na kwamba si ustaarabu wetu. Ugomvi upo tayari. Umekosa mwamuzi tu. Watasema pia, na hili lina uzito, kwamba kampuni kubwa itatumia ruhusa hii kuwaponda wadogo. Inawezekana. Februari 2010 huko India, Hindustan Unilever ilirusha tangazo la sabuni yake ya Rin likiionyesha waziwazi pakiti ya Tide Naturals ya Procter & Gamble na kudai Rin inang'arisha zaidi. Procter & Gamble wakakimbilia Mahakama Kuu ya Calcutta, na tangazo likazuiwa. Wakubwa wawili hao walikuwa na mawakili wa kukimbia nao. Mimi sina. Ndiyo maana siombi ruhusa pekee, naomba na njia ya haraka: mtu mdogo akileta malalamiko kwenu, aliyetangaza alete ushahidi wake ndani ya siku chache zilizowekwa, na akikosa, tangazo lisimame wakati shauri likiendelea. Tangazo la redio hufanya kazi yake ndani ya wiki mbili. Uamuzi unaokuja baada ya mwaka unakuta wateja wamekwisha hama.

Kuhusu kipimo chenyewe, jihadharini na kulinganisha kunakoonekana kwa haki huku mizani imeegemezwa. Carrefour, Desemba 2012, ilianza kampeni ya televisheni nchini Ufaransa ikilinganisha bei zake na za maduka shindani, ikiwataja kwa majina, Intermarché miongoni mwao. Bei zilikuwa halisi. Lakini kuanzia tangazo la pili, maduka ya Carrefour yaliyochaguliwa yalikuwa yale makubwa sana, na ya Intermarché yalikuwa ya ukubwa wa chini. Duka kubwa huuza rahisi. Februari 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kulinganisha kwa namna hiyo kunaweza kumpotosha mlaji, isipokuwa tangazo lenyewe limweleze wazi. Kwetu itakuwa hivi: mtu atalinganisha dumu lake la lita 20 la bei ya jumla Kariakoo na chupa ya lita moja ya mwenzake inayouzwa rejareja Manyoni, na tarakimu zote zitakuwa kweli. Mwongozo wenu uzuie hilo kwa maneno, msisubiri kesi.

Kwa TCRA nina maneno machache, maana wao nyenzo wanazo tayari. Kampuni za simu zinajitangaza kuwa na kasi zaidi, ukubwa zaidi, unafuu zaidi. Zaidi ya nani? TCRA hutoa takwimu za laini za simu kila robo mwaka, kampuni kwa kampuni, na hupima ubora wa huduma. Kampuni inayosema "zaidi" ilazimishwe kutaja kwenye tangazo hilohilo ni robo ipi, mkoa gani, na kipimo cha nani. Anayejiita mwenye kasi zaidi kwa kipimo cha Masaki asilipeleke bango hilo Mkalama.

Liko pia suala la kumnyamazisha mshindani badala ya kumsema. Tume yenu inalijua kuliko mimi: katika shauri la Serengeti Breweries dhidi ya Tanzania Breweries, ambalo mlilitolea uamuzi mwaka 2010 na Tanzania Breweries wakalikatia rufaa, jambo lililobishaniwa lilikuwa chapa na matangazo ndani ya baa, nani abandike na nani aondolewe. Mlilichukulia kwa uzito unaostahili. Naomba uzito huohuo kwa mabango madogo ya alizeti yanayobanduliwa kwenye milango ya maduka kwa sababu msambazaji mkubwa kampaka rangi mwenye duka kuta zake bure.

Sehemu kubwa ya mafuta tunayokula nchini inatoka nje, na kila serikali inayokuja hutuhimiza wakulima wa mikoa ya kati tulime alizeti zaidi. Tunalima. Mbegu zinakamuliwa, mashudu yanauzwa, madumu yanajaa. Kisha dumu linafika mbele ya mteja ambaye ameshaambiwa na mtu asiyejulikana kwamba ndani yake mna jambo baya lisilotajwa. Mbegu bora na mikopo ya pembejeo haviwezi kuliondoa hilo. Hiyo ni kazi ya ofisi yako.

Msimu wa kukamua unaanza baada ya mavuno ya Mei na Juni, na matangazo ya mafuta huongezeka wakati huo. Naomba mwongozo utoke kabla, kwa Kiswahili, wenye kurasa chache, ufike SIDO, shirika la viwanda vidogo, na ofisi za biashara za halmashauri ambako sisi tunaingia. Mkihitaji mtu wa kuanza naye, sampuli ya mafuta yangu ipo, ichukueni muipeleke maabara mnayoiamini. Majibu nitayachapisha kwenye dumu jinsi yatakavyotoka, na atakayetaka kuyalinganisha na yake kwa kunitaja jina, nampa ruhusa leo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida